Boga Lenye Chunusi

Mama Zambarau alidharau aina mbili za watu na mdudu mmoja. Watu ni wale wanaosema kabla ya kuangalia, na wale wanaoangalia wasione kitu. Mdudu ni nyuki. Msimamizi mpya alipoletwa kwenye nyumba ya tatu ya wavu, siku ya kwanza tu ilidhihirika kwamba mtu mmoja anaweza kuwa wa aina zote mbili, na bado akapewa ofisi yenye feni.

Jina la Zambarau hakupewa na wazazi wake, alipewa na kazi. Kampuni ilizalisha mbegu chotara za maboga, na maboga ya mbegu hayaachiwi kuoana yanavyotaka. Ndani ya nyumba ya wavu, ndefu kama ukumbi wa mikutano, kulikuwa na mistari ya mama na mistari ya baba. Kila asubuhi wanawake kumi na wanne walichuma maua dume kwenye mistari ya baba, wakayabandua petali, wakasugua chavua yake kwenye ulimi wa maua jike, kisha kila mmoja akafunga uzi wa rangi yake kwenye kikonyo cha ua alilolichavusha. Uzi ule ndio ulikuwa sahihi. Boga likiiva na kupasuliwa, mbegu zake zilitiwa kwenye mfuko wa rangi hiyohiyo, na mbegu ikija kuleta aibu huko mbele, aliyeifanya anajulikana kabla chai haijapoa. Hivyo wakaitana kwa nyuzi zao. Alikuwepo Mama Kijani, alikuwepo Mama Manjano, na huyu wetu akawa Mama Zambarau.

Donge la uzi wa zambarau alilirithi kwa mama yake mdogo, aliyefanya kazi mlemle mpaka vidole vikamkatalia. Lilitundikwa kwenye msumari wa tano ukutani, karibu na mlango. Miaka ishirini na miwili alilitoa asubuhi na kulirudisha adhuhuri, na katika miaka yote hiyo hakuna mbegu moja ya mfuko wa zambarau iliyowahi kurudishwa. Wenzake walisema anaringa. Ni kweli alikuwa anaringa. Alikuwa na haki.

Ndiyo maana nyuki alimkera. Kwa macho yake, nyuki ni kibarua asiye na adabu: anaingia kwenye ua la huyu, anatoka na unga mgongoni, anaingia kwenye ua la yule bila kupangusa miguu, halafu watu wanamsifu kwa bidii. Bidii gani? Kazi ileile Mama Zambarau aliifanya kwa vidole viwili, kwa mpangilio, na bila kelele. Nyumba ya wavu ilijengwa mahsusi ili mdudu yule abaki nje. Ilikuwa na mlango wa nje na mlango wa ndani, na mmoja haufunguliwi mpaka mwingine ufungwe. Akionekana nyuki ndani, kazi inasimama mpaka akamatwe, na Mama Zambarau alikuwa akiwabana kati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayezima mshumaa.

Msimamizi alikuja na tai, na kalamu tatu mfukoni, na tabia ya kukohoa kabla ya kila neno. Alitoka makao makuu, kitengo cha matangazo, ambako inasemekana aliandika maneno ya kwenye pakiti. Maboga alikuwa ameyaona kwenye picha. Juma lake la kwanza alipita kwenye nyumba za wafanyakazi na walinzi wawili, akang'oa mche mmoja wa boga uliojiotea nyuma ya jiko la Mama Kijani. Akaunyanyua juu kama aliyekamata nyoka, akawasomea kanuni: hakuna kupanda boga lolote umbali wa kilomita moja kutoka kwenye nyumba za wavu, kwa sababu nyuki hubeba chavua.

"Kanuni tunaijua, bosi," Mama Kijani alimwambia. "Huo umeota wenyewe kutoka kwenye maganda. Kesho ningeung'oa."

"Kesho ni neno la wavivu," Msimamizi akajibu, akakohoa, akaandika jina lake kwenye daftari.

Mama Kijani alikuwa mke wa kaka yake Mama Zambarau, na wawili hao hawakuweza kukaa pamoja dakika tano bila kuchokozana. Jioni ile walimjadili Msimamizi mpaka sufuria ikaungua.

"Wifi, yule mtu akiwekewa ua dume na ua jike mbele yake, atachagua lipi la kunusa?" aliuliza Mama Kijani.

"Hatachagua. Atayahutubia yote mawili."

Na hotuba ndizo alizozileta. Tangu nyumba ile ijengwe, kazi ilianza saa kumi na mbili, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia saa nne limeshajikunja, basi tena. Msimamizi aliona saa kumi na mbili haifai kwa mtu wa cheo chake. Akaihamishia saa moja, na kuanzia saa moja mpaka na nusu akawapanga mstari nje ya mlango na kuwaeleza maana ya kujituma. Ndani, maua elfu yalikuwa wazi yakisubiri. Ua la boga halina habari na hotuba.

Jambo la pili lilikuwa pazia. Ofisi yake ilikuwa upande wa nyuma wa nyumba ya wavu, na kuingia kulimlazimu kuzunguka mpaka mbele na kupita milango miwili, kwa hiyo wanawake walimsikia akikohoa akiwa bado mbali. Hilo lilimnyima raha. Alitaka kuwafuma. Akamwita fundi, akachana wavu wa nyuma kimo cha mtu, akatundika pazia kuukuu la sebuleni kwake, la maua mekundu, ili aweze kutokeza ghafla na kumkuta mtu amekaa. Kwa miezi yote aliyotokeza hakumkuta aliyekaa hata siku moja. Alichopata ni jina: toka siku hiyo wanawake wakamwita Bwana Pazia.

Nyuma ya pazia, kati ya wavu na dirisha la ofisi, kulikuwa na kipande cha ardhi kama kitanda cha watu wawili. Hapo Msimamizi, mng'oaji wa miche ya wenzake, akapanda boga. Mama mkwe wake alikuwa amempa mbegu za boga kubwa la mlimani kwao, na yeye alitaka kumwonyesha mama mkwe kwamba kwenye mambo ya maboga sasa ni bingwa. Kanuni ya kilomita moja haikumsumbua. Kanuni, alivyozielewa, ziliandikwa kwa ajili ya watu wenye nyuzi.

Mistari ya zambarau ilikuwa ya mwisho kabisa, hatua nne kutoka kwenye pazia. Asubuhi moja Mama Zambarau alikuta nyuki ndani ya ua jike, amejaa unga mpaka machoni. Akambana. Kesho yake akakuta wawili. Akaenda ofisini, akapitia mbele, milango yote miwili, kwa adabu zake.

"Nyuki wanaingia," alisema. "Na wanatuwahi. Tukifika saa moja na nusu wao wameshamaliza zamu."

Msimamizi alikohoa. "Mama, wavu huu una matundu madogo kuliko jicho la sindano. Nyuki atapitaje? Labda unawaleta na hiyo khanga yako."

"Wanapita kwenye pazia lako."

"Pazia limefungwa."

"Pazia linapepea, bosi. Hata sasa linapepea."

Msimamizi hakugeuka kulitazama. Alifungua daftari, akalifunga. Mama Zambarau akarudi kwenye mistari yake, na tangu hapo kila ua alilolitilia shaka, lenye chembe ya unga kwenye ulimi kabla yeye hajaligusa, alilinyofoa na kulitupa. Ndivyo mama yake mdogo alivyomfundisha: ua lililoguswa si lako tena. Siku ya tatu ndoo yake ilikuwa na maua mengi kuliko mstari wake.

Pazia likafunguka ghafla, Msimamizi akatokeza, na safari hii, kwa mara ya kwanza, akapata cha kuonea.

"Hii ni nini? Unatupa maua ya kampuni?"

"Yameguswa."

"Yameguswa na nani? Mimi naona maua mazuri tu. Kila ua ni boga, mama. Kuanzia leo hakuna kutupa hata moja. Ukitupa tena, uzi huo nampa mtu mwingine."

Mama Zambarau alimtazama toka kwenye viatu mpaka kwenye zile kalamu tatu. Alikuwa na maneno ya kutosha kumvua tai. Lakini alitazama pia donge lililokuwa mkononi mwake, akaona vidole vya mama yake mdogo vikilifunga na kulifungua, akanyamaza. Juma zima akanyamaza. Maua yaliyoguswa na yasiyoguswa aliyasugua yote sawasawa, akayafunga uzi wake mzuri wa zambarau, na kila fundo lilimchoma. Juma la pili maua yakapungua, mimea ya maboga ikaacha kuzaa, na msimu ukaisha.

Maboga yalipoiva yalikuwa safi kabisa: ya duara, laini, rangi ya machungwa, yote ndugu wa tumbo moja. Msimamizi alipita akiyapapasa. "Mnaona?" aliwaambia. "Mlisema nyuki, nyuki. Liko wapi boga lililoharibika?"

Wanawake walitazamana. Hata mwanagenzi wa siku mbili kwenye nyumba ile anajua kwamba boga linalobeba mbegu linafanana na mama yake siku zote, hata kama baba ni jirani. Baba haonekani kwenye ganda. Anakaa ndani ya mbegu, na siku mbegu ile ikipandwa na kuzaa boga lake, hapo ndipo watu wote wanamjua. Mtu aliyepewa nyumba nzima ya maboga aisimamie hakujua hilo, wala hakuona haja ya kuuliza.

Akafunga msimu kwa sherehe aliyojiandalia mwenyewe. Maboga yake ya nyuma ya pazia yalikuwa yamenenepa, ya kijivu, yenye mistari ya kijani na ganda lililojaa chunusi kubwa kama dengu. Kila mfanyakazi akapewa moja. Na kwa kuwa hakutaka yeyote asahau limetoka kwa nani, yalipokuwa machanga aliyachora maandishi kwa msumari, boga likakua na kovu likakua nalo, mpaka herufi zikasimama nene na nyeupe: ZAWADI YA MSIMAMIZI, MSIMU WANGU WA KWANZA.

"Nimelima kwa mikono yangu," aliwahutubia. "Hatua kumi kutoka kwenye meza yangu ya kazi. Hiyo ndiyo maana ya kujituma."

Walipiga makofi kwa sababu aliyasubiri. Boga lenyewe lilikuwa maji matupu. Mama Kijani alijaribu kulipika nusu, paka akalikataa. La Mama Zambarau halikukatwa. Alilitia nyuma ya mlango wa chumba lizuie upepo, na kila alipoingia alilipiga teke kidogo.

Miezi minne baadaye majibu yakaja. Mbegu za kila mfuko zilikuwa zimepandwa kwenye shamba la majaribio, ng'ambo ya barabara, na Mkaguzi kutoka makao makuu alikuja kuzitazama zilivyozaa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti zilizochakaa, na hilo peke yake lilimpa heshima kwa Mama Zambarau. Wanawake wote waliitwa. Msimamizi alifika wa kwanza, na tayari alikuwa na habari.

"Mfuko wa zambarau umeoza," alitangaza kabla Mkaguzi hajafungua kinywa. "Mia moja zimepandwa, kumi na tisa si zetu. Kumi na tisa! Mifuko mingine ni safi. Wa kijani una mbili tu. Mnajua hii maana yake nini? Maana yake ni mikono ya mtu mmoja."

Mama Zambarau alizihesabu upya kichwani. Kumi na tisa. Miaka ishirini na miwili ya sifuri, halafu kumi na tisa. Mbaya zaidi, asubuhi ile alipofika alikuta msumari wa tano mtupu. Donge lake lilikuwa mkononi mwa shemeji yake Msimamizi, mdogo wa mkewe, msichana mwenye kucha ndefu za rangi ambazo zisingeweza kubandua petali hata kwa amri ya mahakama. Alisimama nyuma ya Msimamizi akilirusharusha na kulidaka.

"Uzee si aibu," Msimamizi aliendelea, sasa kwa sauti ya huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Macho yanachoka. Mikono inatetemeka. Mama anachanganya baba wa mstari huu na baba wa mstari ule. Nilimwonya kwa upole. Leo naomba mbele ya Mkaguzi apumzishwe, na uzi uende kwa damu changa."

"Umemaliza?" aliuliza Mkaguzi.

"Kwa sasa."

"Basi tuyaone hayo maboga."

Wakaingia shambani. Mama Zambarau alitembea nyuma kabisa, na wifi yake alimshika kiwiko bila utani wowote, jambo lililomtisha kuliko yote. Walipofika kwenye kipande chenye kibao cha zambarau, Mkaguzi alikuwa ameyafunga yale kumi na tisa utepe mweusi. Mama Zambarau akainama kutazama la kwanza.

Lilikuwa la machungwa, lakini lina mistari ya kijani. Na mwili wote, toka shingoni mpaka kitakoni, lilikuwa na chunusi kubwa kama dengu.

Akatazama la pili. Chunusi. La tatu chunusi. Kifua kilianza kumtekenya, akajaribu kukaza midomo, ikashindikana. Kicheko kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, mpaka akashika magoti.

"Amechanganyikiwa," alisema Msimamizi.

"Wifi," Mama Zambarau alisema alipopata pumzi, "nenda kwangu. Nyuma ya mlango. Lile ninalolipiga teke."

Mama Kijani alitazama maboga, akatazama uso wa wifi yake, macho yakamtoka pima. Alivuka barabara akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, khanga imekamatwa mkononi.

"Tunasubiri nini?" Msimamizi aliuliza.

"Baba yao," alisema Mama Zambarau. "Watoto wanaonekana yatima, ndugu Mkaguzi, lakini si yatima. Baba yupo."

Mama Kijani alirudi akihema, na boga kifuani. Akaliweka chini, katikati ya yale yenye utepe, akaligeuza taratibu mpaka maandishi yakawakabili watu. Lilikuwa la kijivu na yale ni ya machungwa, lakini chunusi ni zilezile na mistari ni ileile. Hakukuwa na mtu pale aliyehitaji kueleweshwa ukoo ule. Hata yule shemeji aliacha kurusha donge.

Mkaguzi alichuchumaa. Akayasoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka. Kisha akapapasa chunusi za boga lile, akapapasa za jirani yake.

"Hili limelimwa wapi?"

"Nyumbani kwangu," Msimamizi aliwahi.

"Anakaa ghorofa ya tatu," Mama Kijani alisema. "Labda lililimwa kwenye ngazi."

Watu kumi na watatu wakaangua kicheko, na Msimamizi akakohoa, akakohoa tena, lakini safari hii hakuna neno lililofuata.

"Hatua kumi kutoka kwenye meza yake ya kazi," Mama Zambarau alisema. "Alitwambia mwenyewe, tukampigia makofi. Twende ukaone."

Wakaenda wote, msafara mzima. Nyuma ya ofisi mimea ya maboga ya msimu mpya ilikuwa imetambaa mpaka dirishani, kwa kuwa boga lililopita lilikuwa limemfurahisha mama mkwe na likaombwa tena. Maua yalikuwa wazi, na nyuki walikuwa kazini. Mkaguzi alisimama akitazama pazia la maua mekundu. Lilipepea. Nyuki mmoja alinyanyuka kutoka kwenye ua la Msimamizi, mgongo njano, akazunguka mara moja, akapita pembeni mwa pazia, akaingia ndani ya nyumba ya wavu bila hata kubisha hodi.

"Nilimwambia," Mama Zambarau alisema. Halafu akaendelea, kwa sababu kulikuwa na lingine, na hilo hakuna aliyemuuliza. "Lakini na mimi nina langu. Nilikuwa nayatupa maua yaliyoguswa. Akanikataza. Nikamtii juma zima. Nilijua kabisa ninachokifunga, nikakifunga kwa uzi wangu. Hayo kumi na tisa yametoka kwenye juma lile."

Wenzake walimtazama kama mtu anayevua nguo njiani. Mama Kijani alimfinya mgongoni anyamaze. Lakini yeye alikuwa amelibeba jambo lile zaidi ya miezi minne. Kumdharau Msimamizi kulikuwa rahisi, alimdharau tangu dakika ya kwanza, na dharau yote hiyo haikumzuia kufunga fundo hata moja. Alikuwa amemdharau huku akimtii, na sasa hakujua kati yao wawili nani alistahili dharau zaidi.

Mkaguzi alimgeukia. "Asante," alisema. "Rudisheni uzi wa watu."

Shemeji alimkabidhi donge bila kumtazama. Lilikuwa limepungua. Kumbe asubuhi ile alikuwa ameshalitumia kushonea pindo la sketi yake, nalo lilionekana vizuri kabisa, zambarau kwenye kitambaa cheupe, kwa mishono ambayo mama mdogo wa Mama Zambarau angeifumua na kuichoma moto.

Mbegu zote za mfuko wa zambarau ziliteketezwa, nzuri na mbaya. Za mfuko wa kijani pia. Mimea ya nyuma ya ofisi iling'olewa, na safari hii hakuna aliyeinyanyua juu. Saa ya kuanza kazi ikarudishwa kumi na mbili. Mama Zambarau alishona wavu kwa mkono wake, siku nzima, na lile pazia Mama Kijani akaliomba alifanye tambara la jikoni.

Msimamizi hakumwaga unga, kazi hakuipoteza. Watu wa aina yake mfuko wao wa unga hauna mdomo wa kumwagia. Alirudishwa makao makuu, ofisi kubwa zaidi, na inasemekana huko anafundisha wasimamizi wapya namna ya kulinda usafi wa mbegu, na kwenye hotuba zake hutoa mfano wa tukio alilolishughulikia yeye mwenyewe.

Kisha ripoti ikabandikwa ukutani, kando ya misumari. Wanawake wakajazana kuisoma. Ilikuwa na kurasa tatu, muhuri, na maneno marefu. Haikutaja pazia. Haikutaja boga la mama mkwe, wala hotuba za saa moja, wala mtu yeyote mwenye kalamu tatu. Haikumtaja hata Mama Zambarau na juma lake la utii, ingawa alikuwa amelisema wazi, mbele ya watu, kwa kinywa chake. Mwishoni kabisa, kwenye mstari wa chanzo cha uharibifu, liliandikwa neno moja: nyuki.

"Mkaguzi aliandika yote," Mama Kijani alimnong'oneza. "Karani kaniambia. Yamekatwa huko juu."

Mama Zambarau aliisoma tena ile karatasi, akatoa donge lake kwenye msumari wa tano, akaingia kazini.

Saa kumi na mbili na robo, kwenye ua la tatu la mstari wa mwisho, alimkuta nyuki. Sijui alipita wapi, pengine alijificha tangu kabla ya wavu kushonwa. Alikuwa ndani kabisa ya ua jike, amejaa unga mpaka machoni, akihangaika. Mama Zambarau alinyoosha kidole gumba na cha shahada kama alivyofanya maelfu ya mara. Vidole vikasimama.

Akazikusanya petali polepole juu ya mdudu, akalikunja ua kama bahasha, akalikata. Likatetemeka mkononi mwake. Alipita na ua lake mbele ya wenzake wote, akafungua mlango wa ndani, akaufunga nyuma yake, akafungua wa nje.

"Unampeleka wapi huyo?" Mama Kijani aliuliza kutoka ndani. "Wewe wifi, wewe? Leo umekuwa mpole?"

"Mpole gani? Simpendi hata leo." Mama Zambarau alifungua ua. Nyuki akatoka akiyumba, akatua kwenye kifundo cha mkono wake, akaanza kujipangusa unga miguuni. "Mchafu huyu. Lakini hakuambiwa na mtu asiingie. Sisi tuliambiwa."

Akampuliza aende zake, akafunga mlango, akarudi kwenye mistari yake. Ua la nne lilikuwa na chembe ya unga kwenye ulimi. Alilinyofoa, akalitupa kwenye ndoo, akaenda la tano.